Georg von Békésy

Georg von Békésy (Budapest, 3 Juni 1899 – Honolulu, 13 Juni 1972) alikuwa mwanafizikia kutoka nchi ya Hungaria. Mwaka 1961 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa utafiti wake juu ya sikio la ndani.

Baba yake alikuwa mwanadiplomasia, hivyo alikulia katika miji mbalimbali. Alisoma kemia huko Bern, Uswisi, akapata shahada ya uzamivu katika fizikia mjini Budapest mwaka 1923.

Utafiti

Aliajiriwa na posta ya Hungaria, iliyosimamia pia simu. Ili kujua simu iboreshwe kiasi gani, aliona lazima aelewe kwanza sikio lenyewe. Alifungua masikio ya maiti hadi kwenye koklea, yaani mfereji uliojisokota kama gamba la konokono, akanyunyiza chembe za fedha ndani yake na kutazama kwa darubini chini ya taa ya kumwekamweka. Aliona sauti ikipita kama wimbi juu ya utando: sauti nyembamba hutikisa zaidi mwanzo wa koklea, sauti nzito hutikisa sehemu za ndani karibu na ncha.

Mwaka 1946 alihamia Uswidi, halafu Marekani, alipofanya kazi Harvard na, tangu 1966, Hawaii. Mwaka 1947 alieleza kifaa cha kupimia usikivu: mtu hubonyeza kitufe anaposikia mlio na kukiachia usiposikika tena. Kwa mtoto mchanga kifaa hicho hakina faida.

Sikio lililo hai

Maiti zilimficha jambo moja kubwa. Mwaka 1948 Thomas Gold alidai kwamba sikio hai huongeza nguvu ya sauti lenyewe, lakini wazo hilo lilipuuzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1978, Békésy akiwa ameshafariki, Mwingereza David Kemp alichapisha ushahidi wa mwangwi hafifu unaotoka ndani ya koklea.

Mwangwi huo sasa hutumika kuchunguza watoto wachanga. Kijiti laini chenye spika na maikrofoni huwekwa sikioni, mara nyingi mtoto akiwa amelala. Hutoa milio na kusikiliza jibu. Mwangwi usipopatikana, mtoto hupimwa tena, kwa sababu majimaji yaliyobaki sikioni baada ya kuzaliwa yanaweza kuuzuia. Kasoro iliyo kwenye mshipa wa fahamu kipimo hiki hakiioni. Hiyo hutafutwa kwa vibandiko vya kichwani vinavyopokea umeme wa neva.