Haroun Tazieff na moto unaozunguka ndani ya Nyiragongo

Bandugu wachimbaji wa Mweso na familia zenu, leo tunawaletea maisha ya mtu aliyeanza kwenye madini kama ninyi, akamalizia kwenye moto wa mlima.

Haroun Tazieff alizaliwa Warsaw mwaka 1914, akakomalia Ubelgiji. Alisoma kilimo, kisha elimu ya mawe huko Liège. Vita ilipoisha alikuja Kongo, akafanya kazi kwenye madini ya bati huko Katanga. Mwaka 1948 alitumwa Kivu kuangalia volkano ya Kituro iliyokuwa inatapika. Tangu pale hakuacha volkano tena. Mwaka ule ule alipanda Nyiragongo, akaona ziwa la moto.

Juu ya nini ziwa lile haligandi, na hewa ya juu iko baridi? Angalieni chungu ya maharage. Maji ya chini yakishika moto yanakuwa mepesi, yanapanda. Ya juu yakipoa yanakuwa mazito, yanashuka. Joto linabebwa na maji yenyewe. Nyiragongo ni vile vile: lava yenye gesi nyingi inapanda, inaachia gesi na joto, inafanya ngozi nyeusi, kisha inazama. Mzunguko ukisimama, ziwa linaganda. Mwaka 1959 kikosi cha Tazieff kilishuka kuchota gesi yake.

Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka ubavuni, ziwa likamwagika kwa muda usiofika saa moja, watu wengi wakafa. Tazieff alichunguza msiba ule. Kuanzia 1984 mpaka 1986 alikuwa katika serikali ya Ufaransa, kazi yake kukinga watu na majanga makubwa. Alifia Paris mwaka 1998.

Kwa wanaoingia shimoni, somo ni hili. Hewa nayo inatembea vile: ya moto inapanda, ya baridi inashuka. Shimo lenye mlango mmoja, hewa yake inalala. Likiwa na milango miwili, mmoja juu kuliko mwingine, hewa inaweza kupita yenyewe. Lakini joto la nje na la ndani likilingana, inasimama. Msiwashe moto ndani ili kuisukuma: moto unakula hewa yenu na kuacha sumu. Na mazuku, ile gesi ya mabonde ya Goma na Sake, ni nzito, haipandi. Mwenzako akianguka chini, usimfuate mbio. Kwanza hewa ipulizwe.