Hotine, aliyeipima Ufipa kwa pembetatu

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MARTIN Hotine, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyezaliwa mwaka 1898, ndiye aliyeongoza upimaji wa safu ya pembetatu iliyopita magharibi mwa Tanganyika, Ufipa ikiwamo, kati ya mwaka 1931 na 1933.

Kupanda vilele ilikuwa nusu tu ya kazi. Kila pembe iliyopimwa ilizaa mlinganyo, na milinganyo yote ilipaswa kutatuliwa kwa pamoja, bila kompyuta. Kosa moja lilitosha kusogeza kilele katika ramani.

Mwaka 1946 akawa mkurugenzi wa kwanza wa upimaji wa makoloni ya Uingereza. Alifariki dunia mwaka 1968.

Leo hesabu hizo hukamilishwa upesi na maktaba za programu kama LAPACK, iliyotolewa mwaka 1992. Hata hivyo, jibu bado hutegemea umakini wa aliyepima mlimani.