Anna Russell, Duchess wa Bedford

Anna Maria Russell, Duchess wa Bedford (3 Septemba 1783 – 3 Julai 1857) alikuwa mwanamke wa ukoo wa kikabaila nchini Uingereza na mmojawapo wa mabibi waliomhudumia Malkia Victoria katika miaka ya kwanza ya utawala wake. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa chai ya alasiri, yaani mlo mdogo wa chai, keki na sandwichi nyembamba unaoliwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Desturi hiyo ilienea baadaye katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, ikiwa ni pamoja na Tanganyika.

Sifa hiyo imefunika habari nyingine ya maisha yake ambayo wakati wake ilizungumzwa Uingereza nzima: nafasi yake katika kashfa ya Lady Flora Hastings ya mwaka 1839.

Familia na utoto

Alizaliwa kwa jina la Anna Maria Stanhope. Baba yake, Charles Stanhope, Earl wa tatu wa Harrington, alikuwa jenerali aliyewahi kupigana huko Amerika wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Mama yake, Jane Fleming, alikuwa bibi wa Malkia Charlotte na alichorwa na mchoraji mashuhuri Joshua Reynolds. Kwa hiyo kazi ya kukaa karibu na malkia haikuwa ngeni nyumbani kwao.

Chai pia haikuwa ngeni. Akina Stanhope walifahamika mjini London kwa kunywa chai muda wote wa siku, hata watu wakawatania. Kapteni Gronow, aliyeandika kumbukumbu za maisha ya wakubwa wa enzi hiyo, anasimulia kuwa Lincoln Stanhope, kaka yake Anna, alirudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kutumikia jeshi India akawakuta wazazi wameketi mbele ya birika kama alivyowaacha. Baba yake, badala ya kumuuliza habari za safari, alimkaribisha kikombe. Pengine kisa hicho kimetiwa chumvi. Hata hivyo kinaonyesha kwamba binti aliyekulia katika nyumba ile hakuhitaji kubuni sababu ya kunywa chai.

Ndoa

Mwaka 1808 aliolewa na Francis Russell, aliyekuwa na cheo cha Marquess wa Tavistock kama mrithi wa Duke wa Bedford. Bibi arusi alimzidi mumewe umri kwa karibu miaka mitano. Walipata mtoto mmoja tu, William, aliyezaliwa mwaka 1809. Akina Russell walikuwa kati ya familia tajiri kuliko zote Uingereza na nguzo ya chama cha Whig. Shemeji yake Anna, Lord John Russell, alikuja kuwa waziri mkuu mara mbili.

Kwa miaka 31 Anna aliitwa Lady Tavistock. Alipata cheo cha Duchess mwezi Oktoba 1839, baba mkwe wake alipofariki na mumewe kuwa Duke wa saba. Hapo akawa mwenye nyumba wa Woburn Abbey, jumba kubwa la familia katika Bedfordshire, kaskazini-magharibi mwa London. Malkia Victoria na mumewe Albert walikaribishwa huko mwaka 1841.

Katika nyumba ya malkia

Victoria alirithi kiti cha enzi mwezi Juni 1837 akiwa na umri wa miaka 18. Kama ilivyokuwa kawaida, mabibi wa vyeo waliteuliwa kukaa naye kwa zamu, kumsindikiza na kuwa wenzake wa mazungumzo. Lady Tavistock, aliyekuwa na umri wa miaka 53, alikuwa mmoja wao. Wengi wa mabibi hao walitoka katika familia za chama cha Whig, chama cha waziri mkuu Lord Melbourne ambaye malkia alimpenda na kumtegemea.

Ikulu ilikuwa imegawanyika. Victoria hakupatana na mama yake, Duchess wa Kent, na alimchukia Sir John Conroy, msimamizi wa nyumba ya mama huyo. Lady Flora Hastings, bibi wa Duchess wa Kent, alihesabiwa kuwa wa upande wa Conroy. Mwanzoni mwa mwaka 1839 tumbo lake lilianza kuvimba. Kwa kuwa alikuwa amesafiri kutoka Uskoti katika gari moja na Conroy, uvumi ulianza vyumbani kwamba alikuwa mjamzito. Hakuwa ameolewa.

Lady Tavistock alipoingia zamu, mabibi wengine walimpelekea habari hiyo na kumtaka achukue hatua. Angeweza kumwendea Flora mwenyewe, hakufanya hivyo. Alikwenda kwa Lord Melbourne, na kwa njia hiyo maneno ya chumbani yakawa jambo la serikali. Daktari wa malkia, Sir James Clark, alishirikishwa, naye akamshuku Flora bila kumpima ipasavyo. Mwezi Februari Flora alikubali kupimwa na madaktari wawili ili kujitakasa. Walithibitisha kwamba alikuwa bikira.

Mambo hayakuishia hapo. Akina Hastings walitaka kujua ni nani aliyeanzisha uvumi, na kaka yake Flora alidai maelezo kutoka kwa akina Tavistock. Mjomba wake alipeleka habari magazetini, na barua za familia zikasomwa na kila mtu. Malkia mwenyewe alizomewa kwenye mashindano ya farasi ya Ascot. Tarehe 5 Julai 1839 Lady Flora alifariki akiwa na umri wa miaka 33. Uchunguzi wa maiti ulionyesha ini lililovimba kupita kiasi: alikuwa mgonjwa muda wote huo.

Ni vigumu kusema Anna alikusudia ubaya. Alikuwa na cheo cha juu miongoni mwa mabibi waliokuwa zamu na aliombwa kulinda heshima ya nyumba. Lakini yeye ndiye aliyevusha uvumi kutoka kwa wanawake waliokuwa wakinong'ona hadi kwa waziri mkuu, na haki ya Flora ya kuulizwa kwanza haikuzingatiwa.

Katikati ya kashfa hiyo, mwezi Mei 1839, ulitokea mgogoro mwingine. Melbourne alitaka kujiuzulu, na Sir Robert Peel wa chama cha Conservative aliombwa kuunda serikali. Peel alitaka baadhi ya mabibi wa Whig waondolewe. Malkia alikataa, Peel akaacha kuunda serikali, Melbourne akarudi. Peel aliposhika madaraka mwaka 1841, suala hilo lilikuwa limekwisha kupangwa kimyakimya: mabibi watatu walijiuzulu wenyewe, na Duchess wa Bedford alikuwa mmoja wao.

Chai ya alasiri

Ili kuelewa mlo huu ni lazima kufahamu saa za kula za wakati ule. Katika karne ya 18 wakubwa wa Uingereza walikula chakula kikuu mchana au alasiri. Kidogo kidogo saa ya chakula hicho ilisogezwa mbele, hadi kufikia miaka ya 1830 ilikuwa saa moja na nusu au saa mbili usiku. Chakula cha mchana kilikuwa chepesi. Katikati palibaki pengo refu la njaa.

Inasimuliwa kwamba Anna, akisikia kuishiwa nguvu saa za alasiri, aliagiza aletewe chumbani birika la chai pamoja na mkate na siagi, kisha akaanza kuwaalika marafiki. Mwaka 1841, akiwa kasri la Windsor, alimwandikia shemeji yake barua akitaja kwamba Prince Esterházy alikunywa chai pamoja naye saa kumi na moja, akiwa katikati ya wanawake wanane. Mwigizaji Fanny Kemble aliandika baadaye kuwa alikutana na desturi hiyo kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1842 katika jumba la Belvoir, alipoalikwa chumbani kwa Duchess wa Bedford, ambaye alikuwa na vyombo vyake mwenyewe vya chai. Alikumbuka kwamba jambo hilo lilifanyika karibu kwa siri.

Ushahidi huo unatosha kuonyesha kuwa Anna alikuwa na mazoea hayo na aliyaeneza kwa wenzake. Hautoshi kuthibitisha kwamba aliyavumbua. Waingereza wengi walikuwa wakinywa chai baada ya chakula kabla yake, na yeyote aliyekula saa mbili usiku angekuwa na njaa ileile. Cheo chake na nafasi yake karibu na malkia vilisaidia jina lake libaki.

Chai yenyewe wakati huo ilitoka China. Majani ya kwanza kutoka Assam, India, yaliuzwa kwa mnada mjini London mwezi Januari 1839, mwaka uleule ambao Uingereza iliingia katika Vita ya Afyuni na China, vita iliyohusiana moja kwa moja na biashara ya chai.

Sandwichi za vidole

Mwanzoni mezani palikuwa na mkate mwembamba uliopakwa siagi, na keki. Sandwichi, iliyopewa jina la John Montagu, Earl wa Sandwich (1718–1792), ilikuwa tayari inajulikana London tangu miaka ya 1760, lakini ilikuwa chakula cha wanaume waliokesha usiku. Ilipohamia kwenye meza ya chai ilipunguzwa ukubwa ili iliwe kwa vidole viwili bila kuvua adabu. Tango na jibini ni vijazo vyake vya kawaida.

Sandwichi ya jibini hutengenezwa kwa slesi mbili za mkate mweupe wa jana, kwa sababu mkate wa moto hubomoka kwenye kisu. Siagi laini hupakwa hadi pembeni. Kazi yake ni kuzuia unyevu wa kijazo usilowanishe mkate. Jibini ngumu hukwaruzwa na kuchanganywa na siagi kidogo au mayonezi hadi ishikane. Maganda ya pembeni hukatwa baada ya kujaza, wala si kabla, ili kijazo kifike ukingoni. Kisha kila sandwichi hukatwa vipande vitatu au vinne virefu, upana wa kidole, na kufunikwa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa.

Katika Dodoma na uwanda wa kati

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910 wakati wa utawala wa Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Waingereza walichukua Tanganyika, na Dodoma ikawa makao makuu ya Jimbo la Kati. Chai ya alasiri ilikuja na maafisa hao, na pia na wamisionari wa Kianglikana kutoka Australia waliofika kuanzia mwaka 1927. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza wengi zaidi walikaa Kongwa, mashariki mwa Dodoma, kwa ajili ya mradi wa karanga ulioshindwa vibaya kutokana na ukame na udongo mgumu.

Wagogo, wenyeji wa uwanda huo, ni wafugaji wa ng'ombe tangu zamani. Maziwa yao huliwa yakiwa yamegandishwa, au husukwasukwa katika kibuyu kupata samli. Jibini haikuwa katika mapishi yao, ingawa maziwa yalikuwepo tele nyakati za mvua. Hadi leo jibini inayouzwa Dodoma hutoka mbali, kwa mfano nyanda za juu za Njombe, na bei yake huifanya kuwa kitu cha hoteli, sherehe na mikutano. Hewa kavu ya Dodoma hukausha slesi upesi, hivyo kile kitambaa kibichi kina umuhimu zaidi hapa kuliko Woburn.

Chai yenyewe ilipokelewa kwa namna nyingine kabisa. Ilipandwa kwa majaribio Usambara na Rungwe mwanzoni mwa karne ya 20, na ikawa zao la biashara katika miaka ya 1920. Chai ya saa kumi nyumbani Tanzania huenda na maandazi, chapati, vitumbua, mihogo au viazi vitamu, na mara nyingi huchemshwa pamoja na maziwa na tangawizi. Haihitaji vyombo vya kaure wala kadi ya mwaliko. Mgeni akipita tu hukaribishwa, kama alivyokaribishwa Lincoln Stanhope.

Miaka ya mwisho

Baada ya kuacha kazi kwa malkia Anna aliendelea kupokea wageni Woburn. Alifariki tarehe 3 Julai 1857 akiwa na umri wa miaka 73, siku mbili kabla ya kutimia miaka 18 tangu kifo cha Lady Flora. Mumewe alifariki mwaka 1861, na mwanao William akawa Duke wa nane. William hakuoa, na alipofariki mwaka 1872 bila mtoto cheo kilikwenda kwa binamu yake.