Joseph Murumbi: Mtoto wa Ravine aliyejichagulia jina

Wiki ya kwanza ya muhula unajua vile huwa. Mono anaingia bwenini na sanduku lake, hata hajatandika kitanda, na tayari kuna mtu amemuuliza jina. Akitaja la kwanza, haitoshi. Anaulizwa la pili, ikibidi la tatu, mpaka kabila lipatikane. Kutoka hapo ameshapewa jina la utani, ameshapangiwa watu wa kula nao, na kuna wale ambao hawatamsogelea muhula mzima. Hayo yote kwa dakika mbili tu.

Kama unaishi Kihoto, pale Naivasha, mchezo huu unaujua. Mtaa wenu umejaa watu waliofuata kazi kwenye mashamba ya maua: Mluo, Mkisii, Mluhya, Mturkana na Mkikuyu, ploti moja, kamba moja ya kuanika nguo. Ziwa lilipofurika 2025 na mashua zikaanza kupita mahali palipokuwa njia, mlihama pamoja. Jina lenyewe la mtaa, kwa Kikuyu, ni haki. Lakini wazazi wako wanakumbuka pia Januari 2008, wakati jina la pili kwenye kitambulisho lilitosha kumfanya mtu auawe mjini Naivasha. Wewe pengine hukuwa umezaliwa. Kwa hivyo ukiona mwalimu amewaka kwa sababu ya kitu unachokiita mzaha, si ati ameamka vibaya.

Acha nikuambie kuhusu mtoto mmoja wa hapa hapa Bonde la Ufa ambaye swali la jina la pili lingemchanganya yeyote anayeuliza.

Alizaliwa Eldama Ravine mwaka wa 1911. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa, Zuzarte. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa mzee Murumbi aliyekuwa laibon. Hebu fikiria Kenya ya wakati huo. Wazungu juu, Wahindi katikati, Waafrika chini. Shule zilitengwa hivyo, na hospitali, na mabehewa ya treni, na mshahara pia: watu wawili, kazi moja, malipo tofauti kulingana na rangi. Mtoto wa Mgoa na Mmaasai aliwekwa wapi kwenye ngazi hiyo? Hakuwa na mahali.

Akiwa bado mdogo sana, baba yake alimpeleka India kusoma katika shule za wamisheni. Zaidi ya miaka kumi ilipita. Wewe ukienda bweni unahesabu wiki za kufika midterm. Huyu alikua mbali na mama, mbali na lugha ya mama, akiwa Joseph Zuzarte katikati ya watoto ambao Ravine hawakuijua hata kwa ramani. Aliporudi Kenya miaka ya 1930 alikuwa mwanamume mzima aliyelelewa kama Mgoa, mwenye jina la Kigoa na elimu ya Kigoa.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Njia rahisi ilikuwa wazi. Angebaki Zuzarte, apate mshahara wa ngazi ya katikati, asibebe kipande ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho. Wengi wetu tungefanya hivyo, tusidanganyane. Yeye akashika upande wa mama yake. Akachukua jina la babu, Murumbi, na kuhesabiwa na wale waliokuwa chini. Jina la Zuzarte hakulitupa, na ugoa wake hakuukana. Alikataa tu kulitumia kama ngazi ya kupandia juu ya watu wa mama yake.

Alifanya kazi ya ukarani, akakaa Somalia karibu miaka kumi, kisha akarudi Nairobi na kuingia chama cha KAU. Hapo akakutana na Pio Gama Pinto. Pinto alikuwa Mgoa mzaliwa wa Nairobi, mdogo wake kwa miaka 16, na yeye pia alikuwa amepelekwa India utotoni. Wakawa marafiki wa chanda na pete. Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa na Jomo Kenyatta na wenzake kukamatwa, Murumbi alishika ukatibu wa chama na kusaidia kutafuta mawakili wa kesi ya Kapenguria. Watu waliokuwa wakijiuliza kama huyu chotara ni mwenzao walipata jibu wakati wengine walikuwa wanajificha.

Mwaka uliofuata aliondoka nchini, na London ikawa makao yake karibu miaka tisa. Huko alizunguka akieleza yaliyokuwa yakitendeka Kenya. Alirudi 1962. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na Mei 1966 Makamu wa Rais, wa pili baada ya Oginga Odinga.

Ila mwaka mmoja kabla, tarehe 24 Februari 1965, Pinto alikuwa amepigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Kabla 1966 kuisha, Murumbi aliacha kiti cha umakamu. Sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa afya. Wengi huamini kilichomtoa ni kifo cha rafiki yake na tamaa aliyoiona serikalini, na mimi ni mmoja wao. Mtu aliyekataa ngazi moja ujanani angewezaje kukaa vizuri juu ya nyingine?

Baada ya siasa alijitosa katika kitu ambacho vijana wengi hawakijui kumhusu. Alikusanya vitabu, barua, stempu, nguo, vinyago na vito kutoka pande zote za Afrika. Mwaka wa 1972, pamoja na mkewe Sheila, Mwingereza, na Mmarekani Alan Donovan, alifungua African Heritage jijini Nairobi. Ukienda Nairobi, ingia pale Archives, jumba linalotazamana na sanamu ya Tom Mboya. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wake iko humo. Chumba kimoja kina kazi za mikono za makabila ambayo huko nje yanatukanana, yamewekwa bega kwa bega, na hakuna lililopewa kona ya nyuma. Peleka darasa lenu. Muulize mono wenu akuonyeshe kitu cha kwao, umsikilize akikieleza.

Murumbi alifariki Juni 1990. Makamu wa Rais wa zamani, na Mmaasai kwa mama, angeweza kuzikwa kwenye shamba lake kule Transmara. Alitaka City Park, Nairobi, karibu na kaburi la Pinto. Ndipo alipo hadi leo. Mkewe Sheila alipofariki baadaye, alizikwa papo hapo kando yake.