Robert Koch: Dawa yake ilishindwa, kipimo chake kikabaki

Na Mwandishi Wetu

KILA Machi 24 dunia huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu. Ni siku ambayo mwaka 1882, mjini Berlin, daktari wa Kijerumani Robert Koch alitangaza kuwa amegundua bakteria wanaosababisha ugonjwa huo.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 mjini Clausthal. Akiwa daktari wa wilaya alianza utafiti, na mwaka 1876 akathibitisha chanzo cha kimeta.

Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, iliyotokana na bakteria hao hao. Wagonjwa walimiminika Berlin. Muda si mrefu ikabainika kuwa haiponyi, na baadhi yao walifariki dunia baada ya kudungwa. Heshima yake ilitikisika.

Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria. Alirejea Afrika Mashariki mwaka 1905, na mwaka huo huo akapata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, kutibu malale kwa atoksili, dawa iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa.

Hata hivyo, tuberkulini haikufa. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet wa Austria aliitumia kupima ngozi: aliyekwisha kuambukizwa huvimba mahali palipowekwa dawa.

Koch alifariki dunia Mei 27, 1910 bila kujua sababu yake. Leo inafahamika kuwa baada ya maambukizi mwili hubaki na seli T za kumbukumbu. Molekuli za ishara ndizo huzilinda: intaleukini 7 huzizuia zisife, na intaleukini 15 huzichochea zijigawe polepole ili idadi isipungue. Zikikutana tena na tuberkulini, hutoa intaferoni gama inayoita seli nyingine, na uvimbe hujitokeza baada ya siku mbili au tatu.

Virusi vya Ukimwi vikiziteketeza seli hizo, kipimo chaweza kuonyesha hakuna maambukizi ilhali bakteria wamo mwilini.

Mtoto anayezaliwa leo Mbezi Luis hupewa chanjo ya BCG, iliyotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza nchini Ufaransa mwaka 1921. Nayo hutegemea kumbukumbu hiyo hiyo, ambayo tuberkulini ya Koch iliiibua bila mwenyewe kuitambua.