Msiri wa Bunkeya: kutoka chama cha wawindaji hadi kiti cha ukoo

Hapa Kivu mwami tunamjua: kiti anakirithi kwa baba yake. Lakini kila kiti cha kurithi kilikuwa na mtu wa kwanza kukikalia. Leo tunamwangalia mmoja wa Katanga, Msiri, aliyejenga ufalme wa Bayeke.

Alizaliwa karibu mwaka 1830 huko Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akaitwa Ngelengwa. Baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara aliyezoea kufuata shaba Katanga. Kijana naye akahamia kule karibu mwaka 1856, na wenzake kidogo tu. Kumbe Bayeke halikuwa jina la kabila. Kwao lilikuwa jina la chama cha wawindaji wa tembo. Hawakuwa wengi, ila bunduki walikuwa nazo.

Kwa bunduki hizo Msiri aliwasaidia machifu wa pale katika vita vyao, halafu akawapita. Akajenga mji wake Bunkeya. Shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa vilitoka. Baruti na vitambaa viliingia kutoka pwani ya Waswahili na kutoka Angola. Alioa wake wengi, mmoja wao Maria de Fonseca, mwenye damu ya Kireno, na ndoa hiyo ilikaza biashara ya magharibi. Vyeo aliwapa ndugu na watu wake. Basi chama cha wawindaji kikawa ukoo wa watawala.

Wenye nchi ndio walilipa: kodi juu ya kodi, na watoto wao kuuzwa. Mwaka 1891 Basanga wakaasi. Desemba ileile ukafika msafara wa Kapteni William Stairs, wa upande wa mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msiri akakataa bendera yao. Tarehe 20 Kapteni Omer Bodson akampiga risasi, na Bodson mwenyewe akapigwa, akafa. Maiti ya Msiri ilikatwa kichwa.

Mtoto wake Mukanda Bantu alipata kiti, lakini nchi ilipunguzwa sana, na juu yake sasa kulikuwa na Leta. Hata hivyo urithi haukukatika. Godefroid Munongo, wa uzao wa Msiri, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga mwaka 1960, alikuwa mwami kuanzia 1976 mpaka kifo chake 1992. Ufalme wa bunduki ulidumu miaka kama 35 tu. Kiti cha ukoo kiko Bunkeya hata leo.