Hammarskjöld na ndege iliyostahimili risasi

Anayevuka Ziwa Mweru leo kutoka Nchelenge kwenda Kilwa anaingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 1961 ng'ambo hiyo ilikuwa Katanga ya Moïse Tshombe, jimbo lililojitenga siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo. Kujitenga huko ndiko kulikompa Dag Hammarskjöld safari yake ya mwisho.

Alizaliwa Jönköping, Uswidi, tarehe 29 Julai 1905. Baba yake aliwahi kuwa waziri mkuu. Yeye mwenyewe alikuwa mchumi na mtumishi wa serikali, mtu wa mafaili kuliko majukwaa, na alipochaguliwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1953 wakubwa walidhani wamepata karani mtulivu. Walikosea. Kongo ilipowaka mwaka 1960 alipeleka majeshi ya kulinda amani, akalaumiwa na Moscow kwa upande mmoja na na wafuasi wa Katanga kwa upande mwingine.

Septemba 1961 mapigano yalizuka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya sasa. Hammarskjöld akaamua kukutana na Tshombe huko Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini.

Ndege yake, Albertina, ilikuwa DC-6B ya panga boi yenye injini nne. Aina hiyo ilisifika kwa ugumu. Nyingine ziliendelea kubeba mizigo hadi karne hii. Asubuhi ya tarehe 17 Albertina ilipigwa risasi Elisabethville, bomba la moshi la injini moja likatobolewa. Mafundi wa Léopoldville walilitengeneza, na jioni ikaruka tena. Kwa kuikwepa ndege ya kivita ya Katanga, marubani walizunguka mashariki hadi Ziwa Tanganyika, redio ikiwa kimya kwa saa nyingi, kisha wakageuka kusini, wakiiacha Mweru upande wa magharibi.

Ilikuwa angani zaidi ya saa sita. Baada ya usiku wa manane, marubani waliijulisha Ndola kwamba wanaona taa za uwanja. Dakika chache baadaye ndege ilianguka msituni, kilomita 15 hivi kutoka uwanjani. Magurudumu yalikuwa yameshushwa, na injini zote nne zilikuwa zikifanya kazi. Ilikata vilele vya miti ikishuka kidogo kidogo, kama ndege inayojiandaa kutua. Watu wote 16 walikufa. Mmoja alinusurika siku chache tu. Hammarskjöld alipewa Nobel ya Amani baada ya kifo.

Wachunguzi wa Rhodesia walimlaumu rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya 1962 haikufikia jibu. Uchunguzi ulipofunguliwa upya mwaka 2015 alikabidhiwa Jaji Mkuu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman, na ripoti yake ya 2017 ikasema inawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje. Tangu hapo ameendelea kuzidai serikali zilizokuwa na majasusi eneo hilo zifungue makabati yao.